Kambi ya Kupumzikia

Siku ya tatu tangu washushwe kwenye treni, Djoya Saporta alifanya kosa la kuelewa.

Walikuwa wamepangwa watano watano mbele ya bweni lao, wanawake mia nne wa Salonika, wamenyolewa vichwa mpaka ndugu hamtambui ndugu. Askari wa kike mwenye mbwa alipiga kelele kuwaamuru wageuke kushoto. Hakuna aliyejua anataka nini. Wengine waligeuka kulia, wengine walichuchumaa wakidhani wameambiwa waketi, wengine walibaki wameduwaa, na fimbo ikaanza kuwashukia wote bila kubagua. Djoya peke yake aligeuka kushoto. Aligeuka bila kufikiri, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni.

Msimamizi wa bweni akamwona. Huyu aliitwa Etelka, Myahudi wa Slovakia, mfungwa kama wao, ila yeye alikuwa amemaliza mwaka mzima kambini na kupewa fimbo, viatu vya ngozi na kitanda cha peke yake. Alimvuta Djoya kwa sikio hadi mbele ya safu.

"Wewe, Kijerumani umekitoa wapi?"

"Nilikuwa karani kwa mfanyabiashara wa tumbaku. Nilikuwa namwandikia barua za Ujerumani."

"Basi umepata bosi mpya. Waambie hawa ng'ombe wenzako wageuke kushoto kabla sijavunja fimbo yangu."

Djoya akawaambia kwa Kihispania cha kwao, kile ambacho Wayahudi wa Salonika walirithishana tangu mababu wafukuzwe Hispania. Wakageuka. Fimbo ikatulia. Kuanzia asubuhi hiyo kila amri iliyoingia bwenini ilipitia kinywani mwake: amkeni, tokeni, pangeni safu, vueni nguo, kimbieni. Aliyechelewa kuelewa alipigwa, kwa hiyo Djoya alijifunza kuitoa amri kabla Mjerumani hajaimaliza. Masikio yake hayakupumzika tena. Hata alipolala kwenye mbao, wanawake wanane wamebanana chini ya mablanketi mawili, akisikia sauti nje alianza kuitafsiri kimoyomoyo, na miguu yake ikawa inachezacheza kama ya mtu anayesubiri kuambiwa akimbie.

Ujira wake ulikuwa upawa mmoja wa supu ya chini ya sufuria. Supu ya juu ilikuwa maji yaliyopitiwa na mizizi ya kulishia mifugo. Ya chini, siku nyingine, ilikuwa na kipande cha kiazi.

"Haya, mheshimiwa," alisema Estrea jioni moja Djoya alipokuja kuketi karibu naye na bakuli lake. "Leo umewakumbuka watu wa juu ya sufuria?"

Estrea alikuwa wifi yake, dada wa mumewe Pepo. Kule Salonika waliishi nyumba moja miaka mitatu wakigombania jiko, kila mmoja akiamini mwenzake anaharibu chakula. Pepo alikuwa ametengwa nao kituoni siku ya kufika, akapelekwa upande wa wanaume, na tangu hapo hawakujua kama yu hai.

"Lete bakuli lako, wifi," alisema Djoya.

"Huruma yako kaa nayo."

"Nani kakuonea huruma? Kuna kiazi humu kinanikodolea macho, siwezi kukila peke yangu."

Estrea alikichukua kiazi, akakiuma katikati na kurudisha nusu. "Hakijaiva," alisema huku akitafuna. "Kama vile umekipika wewe."

Mtu wa tatu katika mbao zao alikuwa Shangazi Mirkada. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote mle ndani, ila alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa bweni lile huyo ni mzee. Alikuwa dobi, mwenye mikono kama ya mpakuzi wa bandarini, na kituoni alipoulizwa umri alijibu thelathini na tano bila kupepesa. Binti yake Luna, aliyekuwa na mtoto mchanga, aliambiwa apande lori pamoja na wazee na watoto ili asichoke kutembea. Mirkada alitaka kupanda naye, askari akamsukuma nyuma. Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja tu.

"Djoya, mwanangu, wewe unajua kusema nao. Waulize yale malori yalikwenda wapi. Luna hana maziwa ya kutosha."

Djoya alikwepa siku tano. Siku ya sita Mirkada alimkamata mkono mbele ya Etelka mwenyewe, na ikambidi aulize.

Etelka alicheka, cheko la mtu ambaye zamani aliuliza swali hilohilo huku akilia. Akawasukuma hadi mlangoni, akanyoosha fimbo kuelekea upande wa miti, ambako moshi mzito ulikuwa ukipanda mchana na usiku. "Walikwenda pale. Siku ileile, kabla nyinyi hamjamaliza kunyolewa. Mwambie hivyo, na aache kunisumbua."

Mirkada alikuwa akiutazama mdomo wa Djoya.

"Anasema nini?"

Djoya alimwangalia yule mama, kipara chake kikiwa kimeanza kuota mvi.

"Anasema wako kambi nyingine," alijibu. "Kambi ya kupumzikia. Ya wenye watoto na wasiojiweza."

"Na maziwa je?"

"Yapo."

Mirkada alimbusu mikono yote miwili. Kwa siku kadhaa alichimba kama watu wawili, na jioni aliwapa wenzake moyo: vumilieni, kumbe kuna mahali pa kupumzika. Wengi walikwishaambiwa ukweli na wafungwa wa zamani, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumvunja. Estrea alimvuta Djoya kando.

"Umemfanya nini yule mama?"

"Nimemwacha alale."

"Haya. Utamwamsha wewe, siyo mimi."

Kazi yao ilikuwa kuchimba mtaro wa kukausha kinamasi kilichoizunguka kambi. Waliingia tope hadi magotini, makoleo hayakutosha, na wasio na koleo walibeba udongo kwenye pindo za nguo. Siku ambazo walinzi walichoka kukaa, waliwaamuru wahamishe lundo la udongo kutoka ng'ambo hii hadi ile, kisha walirudishe lilikotoka, kwa kukimbia. Aliyeanguka alipigwa mateke hadi asimame. Asiyeweza kusimama alikanyagwa. Jumapili, siku isiyo na kazi, walipigishwa magoti uani saa nzima, kila mmoja ameinua matofali mawili juu ya kichwa. Viatu vyao vilikuwa vya mbao, havina kushoto wala kulia, na kisigino cha Estrea kilichubuka, kikatunga usaha, hadi akawa anatembea kwa ncha ya mguu kama mtu anayenyatia.

Siku moja mlinzi kijana aliyekuwa akila tufaha alimnyang'anya kitambaa cha kichwa msichana aitwaye Dudun, mshonaji, na kukirusha nje ya mstari wa vigingi ambao mfungwa haruhusiwi kuuvuka. Akamgeukia Djoya. "Mwambie akaokote."

Djoya alitafsiri. Ulimi ulikwishazoea, ulitangulia akili. "Anasema ukaokote, Dudun."

Dudun aliuvuka mstari. Mlinzi akaliweka tufaha juu ya gogo, akainua bunduki na kumpiga risasi mgongoni, kisha akaandika kwenye daftari kwamba mfungwa alijaribu kutoroka.

Jioni hiyo Djoya hakuweza kuketi. Alizunguka kati ya mbao hadi watu wakamzomea. "Nimesema mimi," alimwambia Estrea. "Dudun hakijui Kijerumani. Ningenyamaza, asingekwenda."

"Ungenyamaza, angekupiga wewe, halafu angemwonyesha Dudun kwa kidole. Kidole hakihitaji mkalimani. Keti, unanitia kizunguzungu."

Hakuketi.

Mwezi wa sita, Jumapili adhuhuri, waliamriwa watoke bwenini ghafla na kupanga safu. Afisa aliyevaa glovu nyeupe alisimama mbele yao, sura ya upole, sauti ya kiungwana. Kando yake alikuwa Etelka, amekakamaa, na Solange, karani wa bweni, mwenye orodha mkononi. Solange alikuwa Myahudi wa Ufaransa, kutoka Bayonne, karibu na mpaka wa Hispania, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu. Yeye na Djoya walizungumza kwa Kifaransa tu, tena mambo ya namba.

"Waambie," afisa alisema, "wenye maumivu ya miguu, wadhaifu na waliochoka wasimame upande huu. Lori litawapeleka kambi ya kupumzikia."

Djoya aliyatambua maneno yale ya mwisho: ndiyo aliyomdanganyia Mirkada. Ulimi uliinuka kwa mazoea, akauzuia. Nyuma ya afisa moshi ulikuwa ukipanda. Katika safu ya pili Estrea alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Sikilizeni," alisema kwa sauti ileile ya kila siku, ya haraka, isiyo na rangi. "Anataka wenye miguu mibovu na waliochoka watoke mbele. Msitoke. Hakuna kupumzika, ni kule moshini. Simameni wima, kanyageni chini kama wazima, na msiangaliane."

Safu zilitikisika kidogo, kisha zikakaza. Estrea aliushusha mguu wake chini taratibu, meno yameuma mdomo. Wanawake wachache wa safu za nyuma, ambao sauti haikuwafikia vizuri, walikuwa wamekwisha kusogea kwa kuona ishara ya glovu.

Mara Shangazi Mirkada akatoka mbele.

Hakuwa na kidonda hata kimoja. Alitembea kwa haraka, bakuli lake kiunoni, uso umemchangamka kama mtu anayekwenda kumwona mzazi.

"Shangazi, rudi," Djoya alisema. "Umesikia nilichosema? Rudi ndani ya safu."

"Nimesikia kambi ya kupumzikia. Hilo neno la Kijerumani nimeshalijua. Nilimwomba karani anifundishe."

"Hakuna kambi hiyo. Nilikudanganya siku ile."

Mirkada alisimama. Zilikuwa hatua tatu tu kati yao. "Siku ile ulisema ipo, leo unasema haipo. Nishike lipi, mwanangu?"

"La leo. Nakuapia kwa roho ya mama yangu."

"Unataka nibaki kwa sababu nachimba sehemu yenu na yangu," Mirkada alisema, bila hasira, karibu kwa mzaha. "Estrea atachimba. Mimi Luna ananihitaji."

"Anasema nini huyo?" afisa aliuliza.

Djoya alihisi macho ya Etelka shingoni. "Anauliza kama achukue bakuli lake, bwana afisa."

"Achukue," afisa alisema kwa ukarimu.

Djoya hakulitafsiri jibu hilo. Halikuhitajika. Mirkada alikwishafika upande wa pili na kumshika mkono mwanamke aliyekuwa akitetemeka. Walikuwa kumi na tisa. Afisa alihesabu, akaitazama safu ndefu ya watu waliokonda wakisimama kama askari, akakunja uso. Kisha lori likaja.

Djoya aliporudi bwenini, Solange alimpita mlangoni, na bila kugeuza kichwa akamwambia kwa Kihispania, cha lafudhi nyingine lakini safi kabisa: "Ulimi wako utakuua."

Kumbe alielewa kila neno.

Usiku ule haukulalika. Kila mlango ulipogongwa na upepo Djoya aliinuka. Alitaka kumfuata Solange, akaogopa. Akataka kwenda kujisema mwenyewe kwa Etelka, akaona ni wazimu. Nafasi ya Mirkada kwenye mbao ilikuwa wazi, na hakuna hata mmoja wa wanawake saba waliobaki aliyejinyoosha kuijaza.

"Lala," Estrea alinong'ona.

"Alisema nishike lipi."

"Nilimsikia."

"Ningemwambia ukweli tangu mwanzo..."

"Angejitupa kwenye waya za umeme kesho yake. Au asingejitupa. Mimi sijui, Djoya. Na wewe hujui. Lala."

Asubuhi waliitwa watatu kwenye chumba cha Etelka: Djoya, Solange na Etelka mwenyewe. Afisa alikuwa ameketi, glovu zimelazwa mezani.

"Nilihitaji mia moja, nimepata kumi na tisa," alisema. "Msimamizi anadai kosa ni la mkalimani."

"Ni lake, bwana afisa," Etelka alidakia. Kitanda chake, viatu vyake, vyote vilitegemea jibu hilo. "Mimi nilimwamini."

Afisa alimtazama Djoya. "Jana nilisema nini?"

Djoya alirudia maneno yake yote, bila kukosea hata moja.

"Vizuri. Na wewe ukawaambia nini?"

"Hayohayo, bwana afisa."

"Mimi nilisema kidogo. Wewe ulisema mengi."

"Lugha yetu ina maneno mengi, bwana afisa. Ni ya watu wa bandarini."

Afisa hakucheka. Alifungua jalada na kupitisha kidole. "Hapa imeandikwa karani anajua Kihispania. Wewe Mfaransa, ulikuwepo. Alisema nini?"

Chumbani palikuwa na saa ya ukutani, na Djoya aliisikia ikipiga. Solange alikuwa amesimama mikono nyuma, macho kwenye ukuta. Alikuwa na kazi ya kivulini, kalamu, na mkate wa ziada. Neno moja tu lingetosha kuvilinda.

"Alisema wenye miguu mibovu watoke, watapelekwa kupumzika," Solange alijibu. "Akarudia mara tatu, kwa sababu hawa wa Salonika ni wazito kuelewa."

"Mbona hawakutoka?"

"Wanaogopa malori, bwana afisa. Walitoka nchi ya punda."

Afisa alivaa glovu moja, akaivua, akaivaa tena. "Mkalimani asiyeeleweka ni mzigo. Fimbo ishirini na tano, halafu arudi mtaroni. Karani atashika kazi yake."

Alichapwa uani, amelazwa juu ya kibao, bweni zima limepangwa kutazama. Sheria ilikuwa ahesabu mwenyewe kwa Kijerumani. Akikosea namba, wanaanza moja. Djoya alihesabu. Kufikia kumi na saba sauti ilikuwa imekatika na midomo tu ilikuwa ikienda, lakini namba zilikuwa sahihi, na aliyepiga hakupata sababu ya kurudia. Walipomwachia hakuweza kusimama. Estrea, kwa mguu wake unaotoa usaha, alimbeba hadi kwenye mbao, akamlaza kifudifudi na kumwekea matambara yaliyoloweshwa maji baridi.

"Umehesabu vizuri," Estrea alisema. "Nilidhani kwenye tumbaku walikufundisha kuandika tu."

"Usinichekeshe, wifi. Kunauma."

Jioni Solange alikuja na jozi ya viatu vya kiume vya ngozi, kuukuu, na karatasi ya mfuko wa saruji ya kufungia kidonda. Aliviweka miguuni pa Estrea.

"Kesho afisa anarudi," alisema. "Safari hii hataongea. Atawarusha mtaro."

"Nani kakuambia?" Djoya aliuliza.

"Nimeandika mimi orodha ya malori."

"Solange, kwa nini ulinifichia siri?"

"Usiniulize. Nikianza kutafuta jibu nitabadilisha mawazo." Akasita. "Yule mama aliniomba nimfundishe maneno mawili ya Kijerumani. Nilimfundisha. Sikumuuliza ni ya nini." Akaondoka.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Waliswagwa hadi kwenye mtaro waliouchimba kwa mikono yao, wakavuliwa nguo, wakaambiwa waruke mmoja mmoja kutoka ng'ambo hii hadi ile. Anayefika asimame kule. Aliyetumbukia alitolewa kwa ndoano na kuwekwa pembeni. Mvua ilikuwa imenyesha na kingo zilikuwa zinateleza. Afisa alisimama juu ya ubao, akivuta sigara.

Waliruhusiwa kubaki na viatu tu, na Estrea alikuwa amevaa vile vya Solange. Alirudi nyuma hatua nne, akakimbia kama vile mguu si wake, akaruka. Alifika. Alipotua alitoa sauti ndogo, akaigeuza kikohozi, akasimama.

Zamu ya Djoya ilipofika mgongo haukukunjika. Alitazama maji meusi chini na kuona hawezi. Miguu ambayo wiki zote hizo ilikataa kutulia sasa ilikuwa imeota mizizi. Mlinzi aliinua fimbo.

"We Djoya!" Estrea alipayuka kutoka ng'ambo, kwa lugha ambayo walinzi hawakuijua. "Ruka, mvivu wewe! Pepo nitamwambia alioa gunia! Nitawaambia akina mama wote, nitawaambia majirani, ulitumbukia mtaroni kama mbuzi!"

Hasira ilimpanda Djoya kutoka mahali asipopajua, hasira ya nyumbani, ya sufuria na vifuniko. Akaruka. Magoti yake yaligonga ukingo, tope likamvuta chini, na mkono wa Estrea ukamdaka kwapani na kumnyanyua kwa mshindo mmoja. Afisa alikuwa ameinamia kiberiti chake. Alipoinua uso, wanawake wawili walikuwa wamesimama ng'ambo, wima, wamepakaa tope hadi shingoni.

Themanini na wawili walipakiwa kwenye malori siku hiyo. Baadhi yao walikuwa wamesimama wima Jumapili kwa sababu Djoya aliwaambia wasimame. Wengine, ambao Jumapili wangetoka wenyewe kwa kuchoka, walivuka mtaro na kubaki. Djoya alijaribu kuwajua kwa nyuso, nani yuko upande gani, na akashindwa, kwa kuwa kila alipoanza upya alikuta amemsahau mtu.

Solange alitafsiri amri hadi majira ya baridi. Alitafsiri polepole, na alipigwa kwa hilo. Kisha akapata homa ya chawa, akapelekwa bweni la wagonjwa, na Djoya hakumwona tena. Mwaka uliofuata yeye na Estrea walihamishiwa kwenye kiwanda cha nyuzi, siku nyingi za treni kutoka pale, ambako walipigwa kidogo na kulala na njaa zaidi. Mwezi wa tano mwaka wa 1945 asubuhi moja hakuna aliyekuja kuwahesabu. Walikaa safuni hadi jua likawa kali, kisha Estrea akasema, "Mimi nakwenda kutafuta mkate," akatoka langoni, na hakuna aliyempiga risasi.

Walirudi Salonika wakiwa wawili. Pepo hakurudi. Walipewa chumba kimoja katika jengo la waliorudi, na Estrea alipata kazi ya kushona mashati. Djoya alikuwa hawezi kukaa kwenye kiti zaidi ya dakika chache. Alikula amesimama, akizunguka meza, na Estrea aliacha kumkemea.

Djoya aliandika barua Bayonne mara mbili, kuuliza kama yuko mtu aitwaye Solange Nunes aliyerudi kutoka kambini, au ndugu yeyote wa jina hilo. Hazikujibiwa. Ya tatu aliituma kwa ofisi ya posta ya mji huo, na baada ya miezi minne karani wa huko akamjibu kwa mwandiko wa heshima. Nyumba ya akina Nunes ilikuwa na wapangaji wengine, wanatengeneza baiskeli chini. Wao hawajui kitu. Majirani wanakumbuka familia ya watu sita. Hajarudi hata mmoja.

Djoya aliisoma barua hiyo dirishani, akaisoma tena, akaikunja. Akachukua koti lake.

"Unakwenda wapi?" Estrea aliuliza, sindano mdomoni.

"Sijui. Kutembea."

Estrea aliitoa sindano, akaichomeka kwenye shati alilokuwa akishona, akavaa viatu bila kufunga kamba. Waliteremka ngazi, wakashika barabara ya pwani, wakatembea hadi majengo yakaisha. Huko Djoya alisema, akitazama mbele, "Nilimwambia maziwa yapo."

Estrea alimshika mkono, na kwa kuwa Djoya hakusimama, wakaendelea kwenda.